Mama Kaumia

Ibadakuli, Shinyanga
Jumapili, 8 Septemba 2024

Kwa Dada yangu Mwanne,

Asalaam aleikum, na shikamoo yako naitanguliza. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye cherehani, mguu hauvimbi tena, na shemeji kikohozi kimempungua tangu masika. Mimi huku mwili ni mzima, kula nakula, kulala nalala. Ukiniuliza habari ya moyo, huo ndio ulioniketisha chini nikashika kalamu.

Najua utashangaa. Utasema huyu Swaumu na simu yake ya kioo kikubwa anaandika barua kama tuko darasa la saba. Dada, kwa simu ningeshindwa. Ningesema maneno mawili nikalia, na wewe ungelia kabla hujajua unalia nini, maana ndivyo tulivyozaliwa. Tena simu yako hapo nyumbani kila mtu anaishika. Barua anakuletea Hosiana, jirani yangu anayekuja huko Masumbwe kununua mchele, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Isome mwenyewe. Miwani ikiwa imepotea kama kawaida yake, ngoja ionekane, usimpe mwanao Bashiri akusomee.

Habari ni ya Mageni. Ameondoka, Dada. Ameondoka Alhamisi asubuhi na wazazi wake kupitia Mwanza, na kufikia leo nadhani wameshafika Kanada. Nimeandika "wazazi wake" bila kufuta, basi ujue nimefanya mazoezi.

Wewe ulimshonea gauni kabla hujamwona, kwa hiyo una haki ya kusikia yote tangu mwanzo. Unakumbuka alivyoletwa kwenye kituo chetu cha kulea yatima kutoka machimbo ya Geita akiwa mchanga, mama yake amefia kwenye uzazi, ndugu wakatangaziwa redioni asitokee hata mmoja. Siku hiyo kituo kilikuwa na wageni, ndipo akaitwa Mageni. Nilipofunua kanga nikaona nywele nyeupe kama pamba ya mwezi wa sita, nikajua kwa nini ndugu hawatatokea. Kitanda chake kikawekwa karibu na changu. Ngozi yake ya ualbino nilijifunza kuipaka mafuta ya jua hadi nyuma ya masikio na kwenye vidole vya miguu, mahali ambapo watu husahau. Macho yake nayo hayaoni mbali. Mtu akiingia, Mageni humsogelea mpaka pua ikaribie kugusa pua, akampapasa uso kwa viganja viwili, halafu ndipo anaamua kama anamjua.

Unajua Mungu hakunijalia. Hilo tulishalilia mimi na wewe, likaisha. Wenzangu wote niliokua nao ni Mama Fulani na Mama Fulani, mimi nimekuwa Swaumu mpaka mvi. Alipokuja mtoto huyu, wafanyakazi wenzangu wakaanza kuniita Mama Mageni kwa utani, nawe ukaanza kuniandikia hivyo kwenye simu. Nilikuwa najifanya nimekasirika. Wala sikukasirika.

Mwezi wa pili Bwana Marcel, yule afisa wa ustawi wa jamii, alituambia wamepatikana mume na mke wanaotaka kumwasili. Usifikiri ni Wazungu. Ni Wahindi, Sunil na Priya. Sunil amezaliwa hapa hapa Shinyanga mjini, babu yake alikuwa na duka la vitenge, wakahamia Kanada akiwa mdogo. Amerudi akakaa Mwanza miaka kadhaa akifundisha chuoni, na mwaka huu mkataba wake ulikuwa unakwisha. Kiswahili chake ni kile cha dukani kwa babu yake. Anakuuliza hali utadhani anataka kukupimia kitambaa. Priya ndiye mgeni kabisa. Yeye alijifunza kitabuni, kila neno analitamka lote bila kuacha hata herufi.

Sheria inataka walee mtoto kwanza, malezi ya kambo wanayaita, huku ustawi wakiangalia kama mtoto ameshikamana nao. Asiposhikamana, mahakama haitoi kibali, na mtoto anarudi kituoni. Wakapanga nyumba huku Ibadakuli, nami kituo kikanituma nikae nao mpaka Mageni awazoee. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, Dada. Kumfundisha mtoto asinihitaji.

Siku ya kwanza tu tulikwama kwenye neno moja. Priya alipiga magoti sebuleni, akajigusa kifua, akamwambia Mageni kwa upole kwamba yeye ni mama. Mageni akamsogelea, akampapasa uso, akatikisa kichwa. Halafu akajipiga kifua chake mwenyewe kwa kiganja na kusema mama ni yeye. Priya akarudia kujigusa, na mtoto akarudia kujigusa, kila mmoja anasema mama, kama watu wanaogombea shamba. Sote tulicheka. Priya naye alicheka, kisha akaenda jikoni, nikamsikia anapenga kamasi.

Kosa lilikuwa langu, au niseme ni letu sote. Huku kwetu nani anamwita mtoto wa kike jina lake? Tangu anazaliwa ni njoo mama, kula mama, pole mama, lala mama. Kituoni walezi tulikuwa wengi na kila mmoja anamwita hivyo hivyo, basi mtoto akajua mama ni jina lake. Akiwa na njaa anasema mama anataka uji. Akivunja kitu anasema mama kavunja. Mimi mwenyewe hakuwahi kuniita mama hata siku moja. Alikuwa akinitaka anakuja tu na kunishika uso. Nilipomweleza Priya, Sunil aliangua kicheko. Akasema dukani kwa babu yake wafanyakazi walikuwa wakimwita baba, naye akawa anaamini duka lile ni lake. Lakini Priya hakuona cha kuchekesha. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kama neno hilo mtoto amelichukua, yeye atabaki na lipi.

Mwanzoni sikumpenda, nikuambie kweli. Alichemsha michembe ya viazi ikaungua mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Kumfunga mtoto mgongoni aliogopa asije akamwangusha, akawa anatembea naye ameinama nusu saa nzima kama anatafuta sindano. Akimpaka mafuta, Mageni analia na kuninyooshea mikono, nami nilikuwa nachukua chupa kwa haraka ambayo haikuwa ya lazima. Nilifurahi, Dada. Kila mtoto alipomkataa, mimi nilifurahi, halafu naona aibu.

Lakini mwanamke huyu hakuchoka. Aliacha kujiita mama. Alikaa chini sakafuni kila asubuhi, akajipaka mafuta yeye mwenyewe kwanza, masikio, pua, vidole vya miguu, akiimba majina ya viungo kwa Kiswahili cha ajabu, mpaka Mageni akaanza kumsahihisha. Michembe aliichemsha tena, akatia karanga, ikawa michembe. Nikaanza kumfundisha kwa moyo. Nilimwonyesha kufunga mbeleko, nikampa kanga yangu bila kuifua ili mtoto apate harufu yangu mgongoni pake. Ile ya rangi ya zambarau uliyoninunulia Kahama. Nisamehe, imekwenda nayo Kanada.

Majirani ndio waliokuwa wananichanganya. Siku moja tuko genge la nyanya, mwenye genge akaita Mama Mageni, chenji yako. Tukageuka wote wawili. Priya akanitazama, nami nikamtazama. Nikamwambia mwenye genge kwamba Mama Mageni ni huyu hapa, mimi ni Swaumu tu. Nilirudi nyumbani na chenji nimeisahau.

Hata hivyo mtoto alikuwa kwangu. Mchana anacheza na Priya vizuri, lakini akiumia, akiogopa, au usingizi ukimjia, anakuja kwangu. Bwana Marcel alikuja kuangalia, akaona, akanichukua pembeni. Alisema kwa heshima, ni kijana mwenye adabu, kwamba kwa hali hii hawezi kuandika kuwa mtoto ameshikamana nao, na kwamba maadamu mimi nipo na mikono yangu iko wazi, mtoto hataitafuta mingine. Akasema anajua ni vigumu. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kuwa mlezi. Akafunga daftari lake, maskini, maana ana umri wa kuwa mwanangu.

Wiki ile ile Mageni alianguka barazani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachagua mchele. Nilisikia kishindo, nikajua ni goti kabla sijatazama. Akaja kwangu mbio, anasema mama kaumia, mama kaumia. Dada, sikuinua kichwa. Niliendelea kuchagua mchele ambao hata mawe yake nilikuwa siyaoni. Akafikiri labda hakunitambua, au mimi sikumtambua yeye, sijui aliwaza nini, akaniletea uso karibu kabisa, akanyoosha viganja anishike. Nikageuza uso upande wa pili. Akazunguka upande huo. Nikageuza tena. Alisimama pale na damu inatiririka, akasema kwa sauti ndogo, kama anaeleza mtu asiyeelewa, mama kaumia.

Priya alitoka ndani. Alitaka kunikemea, niliona, kisha akaelewa. Akachuchumaa mbali kidogo na mkeka wangu, akafungua mikono, akasema maneno yale yale ninayosema mimi, kwa lafudhi yake. Pole mama. Basi mama. Nyamaza mama. Mageni akageuka. Alisimama katikati yetu muda ambao sitausahau, halafu akaenda.

Tangu siku hiyo hakunijia tena. Hakununa wala hakunichukia, alinipita tu kama unavyopita kiti. Mwezi wa saba akaanza kumwita Priya "Mama ya mama", maana yake mama wa yeye anayeitwa mama. Sunil alicheka mpaka machozi. Bwana Marcel akaandika alichotakiwa kuandika, na mahakama ikatoa kibali. Kazi yangu nilikuwa nimeifanya vizuri, kila mtu alinipongeza.

Sasa kaa vizuri, Dada, kama umesimama. Najua chumba cha uani umekipaka chokaa. Tulikubaliana mimi na wewe kwamba nikistaafu mwisho wa mwaka huu nihamie hapo na Mageni. Halafu nikakwambia ustawi wamenikatalia kwa sababu ya umri na kwa kuwa sina mume. Uliwalaani, ukataka kuwafuata ofisini na mguu wako huo. Hawakunikatalia. Kabla Sunil na Priya hawajaambiwa lolote, Bwana Marcel aliniita akanieleza kwamba Mtanzania akimtaka mtoto ndiye anayetangulizwa, na kwamba yeye angenisaidia. Aliniuliza mara mbili. Mimi ndiye niliyesema hapana.

Idi ya mwaka jana nilipokuja kwako niliwaonyesha picha zake kwenye simu, ukasema kofia ile haimpendezi utamshonea nyingine. Jioni nilitoka uani kuchukua maji ya kutawadha. Bashiri alikuwa amekaa na wenzake wawili anaochimba nao dhahabu, akaniomba naye azione. Nikampa simu. Akaangalia, akawaonyesha wenzake, akacheka na kuniambia, "Ma'mdogo, kumbe unalea dili!"

Dili, Dada. Wewe unaishi huko, huna haja ya kuelezwa neno hilo lina maana gani likisemwa juu ya mtoto kama Mageni. Ni neno la kitu kinachouzwa kwa waganga. Na aliyelisema ni Bashiri, ambaye nilimbeba mgongo huu huu ulipolazwa Bugando, ambaye meno yake ya kwanza niliyaona mimi kabla yako. Sisemi mwanao ni mwuaji. Vijana wa mashimoni wanatania hata vifo vyao wenyewe, huenda alitania. Lakini mmoja wa wenzake hakucheka. Aliniuliza, kwa adabu kabisa, mtoto akija atalala wapi. Kabla sijajibu, Bashiri akamwonyesha kwa kidole dirisha la chumba cha uani.

Nilichukua simu yangu nikaenda kutawadha. Sikumbuki niliswali rakaa ngapi. Ndiyo maana Idi ya mwaka huu sikuja, nikasingizia kazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu ni wewe, sina nyingine. Ningemleta Mageni kwako, ungempenda, ungemshonea, na kila jua likizama ningekaa nalitazama lile dirisha. Ningehama naye kwingine, ningekuacha wewe, na bado kila mlango ningeuogopa. Nilimpenda kupita hofu hiyo, lakini hofu hiyo ndiyo iliyokuwa na akili.

Nilinyamaza mwaka mzima na zaidi kwa sababu mtoto alikuwa bado yupo hapa, nikaogopa kuchokoza nyuki. Bwana Marcel nilimwambia tu kwamba Masumbwe nimesikia maneno, jina sikutaja. Jina nimekuletea wewe, mama yake. Mkalishe Bashiri chini, umuulize yule kijana asiyecheka ni nani na anaishi wapi. Hosiana atakaa huko siku chache, mpe jibu. Lisipokuja, nitakwenda polisi mwenyewe na jina la mwanao mdomoni. Mageni amevuka, lakini watoto wenzake bado wapo huko, nao wanalala penye madirisha. Nichukie ukitaka. Ungefanya vivyo hivyo.

Nirudi Alhamisi, maana nimeiruka makusudi. Gari lilikuja mapema. Mageni alivaa gauni lako la mikono mirefu na kofia yake pana, na lilimtosha, Dada, ulikata vizuri bila vipimo. Sunil alinikumbatia, akakimbilia kufungua mlango wa gari. Priya aliniambia kwamba siku zote atamwambia mtoto jina langu. Nilikuwa nimeapa sitalia mbele yake, nisije nikaharibu kazi yangu ya miezi yote hiyo. Nikainamisha uso nikajifanya nafunga kamba ya begi, na kamba ilikuwa imeshafungwa.

Mageni alikuwa mikononi mwa Priya. Sijui aliona nini kwa macho yake yale. Alijinyonga mpaka akashushwa chini, akaja, akanisogezea uso karibu kabisa kama zamani. Sikugeuka. Akanishika mashavu kwa viganja viwili, akakuta maji. Akauliza, "Mama kaumia?"

Kisha akanipapasa taratibu, akaniambia mimi, "Pole mama. Basi mama. Nyamaza mama." Akarudi kwa Priya akainua mikono abebwe, na gari likaondoka.

Tangu Alhamisi naligeuza jambo hilo. Huenda aliniita mama kama mtoto anavyomwita mama yake, mara moja katika maisha yangu. Au aliniita mama kama mimi nilivyokuwa namwita yeye, kwa kuwa alimwona mtu analia na hivyo ndivyo anavyoambiwa mtu anayelia. Yote mawili yananitosha, na yote mawili yananiua.

Nisalimie shemeji, mwambie aache ile tumbaku. Msalimie Mama Apolonia jirani yako, na wote wanaoniulizia. Bashiri naye mfikishie salamu za ma'mdogo wake, halafu umuulize nilichokuomba. Chumba cha uani mpangishe mtu mzima.

Ombi la mwisho ni dogo. Kuanzia sasa usiniite tena Mama Mageni, jina hilo nimelikabidhi kwa mwenyewe gengeni mbele ya mashahidi. Ila jibu utakalompa Hosiana, juu ya bahasha niandikie hivyo mara hii moja. Yeye atafikiri umekosea. Mimi nitaipokea.

Wasalaam.

Mdogo wako akupendaye,
Swaumu